"Shall" kwenye mikataba ya Kiingereza: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: "Shall" ni "will" ya kizamani tu.

Sivyo. Ile kanuni ya darasani, kwamba "shall" ni ya mimi na sisi, "will" ni ya wengine, ilishaandikwa kwenye sarufi ya Kiingereza ya John Wallis mwaka 1653, na mkatabani haina kazi. Mwanasheria anapoandika "the tenant shall pay rent" hatabiri kwamba mpangaji atalipa kodi. Anamtwika wajibu, asipolipa, amevunja mkataba. Kwenye tafsiri hapa pana mtego, maana "mpangaji atalipa" yaweza kuwa utabiri na yaweza kuwa agizo. Mimi huandika "atawajibika kulipa", sentensi irefuke ikitaka.

Dhana: Kila penye "shall" pana amri.

Hii huwapoteza hata wanaolishika neno hili kila siku. "'Goods' shall mean..." inamwamuru nani? Hakuna, ni ufafanuzi wa istilahi tu, na "means" ingetosha. "The buyer shall be entitled to a refund" inampa mnunuzi haki ya kurudishiwa fedha, haimlazimishi kuidai. Ukitaka kupima, weka "ana wajibu wa" mahali pa "shall". Ukipata kichekesho kama "bidhaa zina wajibu wa kumaanisha", basi neno limewekwa pasipo pake. Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe, katika kesi ya Gutierrez de Martinez dhidi ya Lamagno ya mwaka 1995, ilikubali kwamba waandishi wa sheria wakati mwingine hulitumia hata kwa maana ya "may", yaani ruhusa. Ndiyo maana majaji husoma kifungu kizima kabla ya kuamua.

Dhana: Bila "shall" hati haina nguvu.

Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 hutumia "must" inapoweka wajibu, na hakuna anayeiona dhaifu. Kinachoufunga mkataba ni makubaliano ya wahusika.

Lakini kulifuta kila mahali nako kuna hatari. Kanuni za shirikisho za mashauri ya madai nchini Marekani ziliandikwa upya mwaka 2007, "shall" ikaondolewa. Katika Kanuni ya 56, inayohusu hukumu bila kusikiliza kesi nzima, nafasi yake ilichukuliwa na "should", neno lililoonekana kumwachia jaji hiari. Mwaka 2010 "shall" ikarudishwa hapo, kwa kuhofia kwamba kigezo chenyewe cha hukumu hiyo kingebadilika.