Akili haipimwi kwa ratili

Barazani kwetu Mji wa Kale, kahawa chungu ikizunguka, hakosekani mtu wa kukata maneno. Juzi tumbili kapita juu ya paa na ndizi ya mtu mkononi, bwana mmoja akasema, "Huyo ndiye babu yetu, kasoro mkia." Tukacheka, lakini si hivyo. Tumbili ni binamu, tena wa mbali. Hata sokwe si babu. Sisi na yeye tulitengana kutoka kwa mzazi mmoja kiasi cha miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na tangu hapo naye amekuwa akibadilika kivyake.

Maneno yakahamia ukubwa wa ubongo. Wengi huamini kichwa kikubwa ndicho chenye akili nyingi. Kweli, ubongo wetu una gramu 1,300 hadi 1,400 hivi, wa sokwe kama 400 tu. Yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale ambaye mabaki yake mtafuta visukuku Kamoya Kimeu aliyaona mwaka 1984, yuko katikati. Mpaka hapo hesabu inakubali. Sasa mlete ndovu: ubongo wake unakaribia kilo 5, na bao hachezi. Seli zake za neva karibu zote zimejaa sehemu ya nyuma, inayoratibu mwendo wa mwili. Gamba la juu, tunalofikiria nalo, kwake lina seli kama bilioni 5.6, letu lina kama bilioni 16. Na Neanderthal, binadamu wa kale aliyekuwa na ubongo mkubwa kama wetu, yuko wapi leo?

"Basi mwanamume, kwa kuwa ubongo wake ni mkubwa..." Sentensi hii haikumalizika, maana mwenye nyumba alitokea na sinia la mahamri, na mwenye nyumba ni bibi. Ni kweli wastani wa wanaume umezidi kwa asilimia 10 hivi, ila na miili yao ni mikubwa, na vipimo vya akili kwa jumla havionyeshi kuzidiana. Mwaka 2015 mtafiti wa ubongo Daphna Joel na wenzake walitazama picha za bongo zaidi ya 1,400: nyingi zilikuwa mchanganyiko, sehemu hii ya "kike", ile ya "kiume".

Uzee nao husingiziwa mengi. Ubongo wa binadamu husinyaa kwa umri, kupita wa sokwe, kwa sehemu kwa kuwa tunaishi miaka mingi zaidi. Lakini seli hazipukutiki kama majani ya mkungu; kinachopungua zaidi ni matawi yake na mahali yanapoungana. Kasi hushuka, msamiati hubaki. Mzee akisahau jina lako kisha likamjia wakati wa magharibi, huo ni umri. Akipotea njia ya msikiti aliyoizoea miaka 40, huo ni ugonjwa. Apelekwe kwa daktari, isiwe kusema tu "amerudi utotoni."