"I shall" na "you will": kanuni isiyokuwa na nguvu uliyofundishwa

Wanafunzi wengi wa Kiingereza wamekaririshwa kwamba, kwa wakati ujao, "shall" ni ya "I" na "we", na "will" ni ya wengine wote. Kanuni hiyo ni kongwe. Imo katika sarufi ya Kiingereza ambayo John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, aliichapisha kwa Kilatini mwaka 1653, kisha vitabu vya shule vikairithishana. Wazungumzaji wenyewe hawakuwahi kuifuata kikamilifu, hasa Uskoti, Ayalandi na Marekani.

Kwa hiyo "I will call you tomorrow" ni sahihi kabisa, wala haistahili kalamu nyekundu. Katika mazungumzo huwa "I'll", na hapo tofauti yenyewe haisikiki.

"Shall" bado ina kazi kwenye maswali ya kujitolea au kupendekeza. "Shall I open the window?" maana yake nifungue? Niko tayari, nangoja uniambie. Ukisema "Will I open the window?", Mwingereza wa London atahisi unamtaka atabiri utakachofanya. Mmarekani husema "Should I". Kwenye mikataba, "The tenant shall pay" huonyesha wajibu, ingawa waandishi wengi wa sheria sasa huchagua "must" ili kuepuka utata.

Kosa linalostahili kusahihishwa kwelikweli ni "We will can finish". "Tutaweza" yetu ndiyo inayotuponza: Kiingereza sanifu hakipangi pamoja vitenzi visaidizi viwili kama "will" na "can". Sema "We will be able to finish".