Je, wajua kwa nini "saa" ya mwanasaikolojia ina dakika 50?

Ukipanga kikao cha kwanza na mwanasaikolojia wa binafsi utaambiwa ni saa moja, kisha ukifika unaelezwa kuwa mtazungumza dakika 50, pengine 45. Ukisoma fomu unakuta na jambo la pili: usipofika bila kutoa taarifa saa 24 kabla (wengine hudai 48), utalipa kikao kizima. Wengi huona hapo wanapunjwa mara mbili. Ukweli ni kwamba mambo hayo mawili ni ya ukoo mmoja.

Mwaka 1913 Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi kwa mazungumzo na aliyekuwa akitibu wagonjwa Vienna, alieleza jinsi alivyopanga kazi yake. Kila mgonjwa alipewa saa yake katika siku, na saa hiyo ilikuwa mali yake: aje asije, atailipia. Wengi walikuja kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu. Leo kawaida ni mara moja kwa wiki, lakini hesabu ni ileile. Daktari wa zahanati akikosa mgonjwa mmoja humwita aliye nyuma yake kwenye foleni. Mwanasaikolojia hana foleni. Jumanne saa 10 jioni imeandikwa jina lako, na usipokuja hakuna aliyekaa kwenye benchi akisubiri.

Dakika 10 zilizokatwa nazo zina kazi. Ndani yake huandikwa kumbukumbu za kikao kabla hazijachanganyika na za mteja anayefuata, hupokelewa malipo, na mtaalamu hupumua kidogo. Kuna na sababu isiyosemwa sana: anayetoka na macho mekundu asigongane mlangoni na anayeingia.

Si kila tiba inayofuata kipimo hicho. Tiba za kiwewe zinazomrudisha mtu kwenye kumbukumbu ya tukio mara nyingi huhitaji dakika 90, ili hofu iliyoamshwa isikatizwe njiani na mteja akapelekwa barabarani nayo. Hofu ya kitu kimoja mahususi, kama buibui au sindano, wakati mwingine hutibiwa kwa kikao kimoja kirefu kinachofika saa 3.

Kwako wewe, maana yake ya kwanza ni kwamba ukichelewa dakika 20, kikao kitakwisha wakati uleule. Ya pili ndiyo inayowaumiza wengi: lile jambo zito hutajwa dakika ya 48, mkono ukiwa kwenye kitasa. Mtaalamu hataongeza muda, na si kwa ukali. Mteja wa saa inayofuata yuko njiani. Andika jambo moja kwenye karatasi kabla ya kuingia, ulitaje ndani ya dakika 10 za mwanzo, hata kama utalitaja vibaya.

Kabla ya hayo yote, omba simu fupi ya dakika 10 hadi 15, wengi hawaitozi. Uliza namba ya leseni na chombo kilichoitoa, kisha uihakiki mwenyewe kwenye orodha ya chombo hicho. Jina "mshauri" mahali pengi halilindwi na sheria, na mtu yeyote anaweza kulitundika mlangoni. Uliza amewahi kushughulikia tatizo kama lako mara nyingi au mara moja moja, anatumia njia gani, anatoza kiasi gani, na kama unaruhusiwa kumwandikia kati ya kikao na kikao. Akijibu kwamba anatibu kila kitu, endelea kutafuta.

Kumbuka pia kwamba mwanasaikolojia kwa kawaida haandiki dawa. Hiyo ni kazi ya daktari, hasa daktari wa magonjwa ya akili. Na usiruke vipimo vya kawaida. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, au upungufu wa damu, huleta uchovu na unyonge unaofanana sana na sonona, na hakuna mazungumzo yatakayoviponya.

Kikao cha kwanza huwavunja moyo waliokuja kutibiwa, maana sehemu kubwa ni maswali: tatizo lilianza lini, usingizi, chakula, familia, pombe, tiba ulizowahi kupata. Beba orodha ya dawa pamoja na dozi zake. Utaulizwa waziwazi kama huwa unafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo hilo kichwani, na kujibu ndiyo hakumaanishi kwamba utafungiwa wodini. Kinachofuata ni kuulizwa kama una mpango na njia, ili hatari ipimwe. Huenda ukapewa dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9, maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 tatizo huchunguzwa kwa karibu zaidi. Omba lirudiwe kila baada ya wiki kadhaa, vinginevyo mnaweza kupiga soga nzuri miezi sita na sonona ikabaki palepale.

Fomu ya ridhaa isome hadi mwisho, hasa sehemu ya usiri. Siri ina mipaka: hatari kwa maisha yako au ya mwingine, mtoto anayedhulumiwa, amri ya mahakama. Mwaka 1976, katika kesi ya Tarasoff, Mahakama ya Juu ya California iliamua kuwa mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua kumlinda mtu anayetishiwa na mteja wake, na uamuzi huo uliathiri sheria hata nje ya jimbo hilo. Bima nayo ikilipa, hupelekewa jina la ugonjwa wako. Ndiyo maana wapo wanaolipa mfukoni ingawa wana bima.

Tiba ya utambuzi na tabia (CBT), inayolenga kubadili namna ya kufikiri na ya kutenda, mara nyingi huchukua vikao 6 hadi 20. Kujisikia vibaya zaidi baada ya viwili vitatu vya mwanzo si ajabu. Lakini ikifika cha nne na bado hujui mnaelekea wapi, sema hivyo kikaoni badala ya kutoweka kimya. Mtaalamu atabadili njia au atakuelekeza kwa mwingine.

Kwa kikao cha mtandaoni, vaa vipokea sauti na useme kila mara uko wapi hasa, maana msaada wa dharura hauwezi kutumwa kwenye skrini. Usipange mkutano wa kazi dakika ya 51. Anayekwenda ofisini kwa mtaalamu hutulia njiani akirudi. Wewe huna njia hiyo, basi jitengee robo saa.