Teke la Punda Lina Sababu

Nikiitwa kumtazama punda mkali huku Uyui au Nzega, mkoani Tabora, salamu hazijaisha nitasikia, "Si unajua, fadhila ya punda ni mateke." Hapo mnyama ameonewa. Mateke mengi niliyoyaona kazini yalitoka kwa punda mwenye hofu, au mwenye kidonda chini ya matandiko. Ndiyo maana naanza kwa kumpapasa mabega na mgongo, kisha kwato. Anayeumia atibiwe kwanza.

Hofu ya punda huwapotosha watu. Farasi akishtuka hukimbia (huku Tabora farasi ni adimu, mbung'o wa misitu ya miombo hawampi nafasi). Punda mara nyingi husimama kama gogo. Mwenyewe anamwita mbishi, fimbo inashuka, na sasa punda ana vitu viwili vya kuogopa.

Mwezi uliopita nilikuwa na punda jike aliyegoma kuvuta mkokoteni kwa sababu ya mlio wa madumu matupu. Nilimwomba mzee mwenye punda aiweke fimbo ndani. Tukaweka dumu moja mbali, pale ambapo analiona na bado anatafuna. Kutafuna ndiko kipimo changu: akiacha, masikio yakakaza na pua ikapanuka, tumekaribia mno, narudisha dumu nyuma. Dumu likitokea, pumba zinakuja. Dumu likiondoka, pumba zinakoma. Dumu litangulie siku zote. Ukianza na pumba, atajifunza kwamba pumba ni dalili ya balaa, na hata chakula atakikataa. Siku ya nne tuliligonga kwa kidole. Siku ya tisa yalikuwa manne juu ya mkokoteni, na punda mwenzake tumemsimamisha pembeni, maana punda akitengwa na mwenzake hatulii.

Kamba nayo inasema. Vuta kidogo, subiri. Akielemea mbele hata kidogo, legeza papo hapo. Kinachomfundisha ni kule kulegea. Mzee, kwa huruma yake, alikuwa analegeza punda anaporudi nyuma, kwa hiyo kurudi nyuma ndiko alikojifunza.

Juzi nimewapita njia ya kisimani. Madumu yanagongana, jike anatembea, masikio yamelala pembeni. Mzee mikono mitupu.