Trepov yupi? Jina moja, maofisa wengi wa Urusi ya kifalme

Ukikuta "Jenerali Trepov" katika habari za Urusi ya kifalme, usiendelee kusoma kabla hujajua ni yupi. Ukoo huu ulitoa wakuu wa polisi, magavana na hata waziri mkuu. Vitabu vya Kifaransa huandika Trépoff, vya Kijerumani Trepow, ni walewale.

Baba, Fyodor Fyodorovich, alikabidhiwa polisi ya St. Petersburg mwaka 1866, baada ya mwanamapinduzi Karakozov kumfyatulia risasi Tsar Alexander II. Julai 1877 aliamuru mfungwa wa kisiasa, Bogolyubov, achapwe viboko kwa kutomvulia kofia. Januari iliyofuata mwanamapinduzi Vera Zasulich akaingia ofisini kwake kama mleta maombi, akampiga risasi. Trepov alipona. Zasulich hakukana kufyatua, lakini mahakamani baraza la raia 12 walioamua kesi lilimwachia huru. Serikali ilighadhibika, na mwaka huohuo ikayanyang'anya mabaraza hayo kesi za kuwashambulia maofisa.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba mtoto mmojawapo wa kiume naye aliitwa Fyodor Fyodorovich, kwa hiyo hata jina la pili la Kirusi, linalotokana na jina la baba (Fyodorovich, mwana wa Fyodor), halikusaidii kuwatofautisha. Angalia mwaka na cheo: mzee alifariki 1889, na gavana mkuu wa Kiev wa 1908 hadi 1914 ni mtoto.

Dmitri, mtoto mwingine wa mzee huyo, ndiye anayetajwa zaidi. Aliongoza polisi ya Moscow kuanzia 1896, akamwachia Zubatov wa idara ya siri aanzishe vyama vya wafanyakazi chini ya jicho la polisi. Januari 1905 akawa gavana mkuu wa St. Petersburg, na katika mgomo mkuu wa Oktoba mwaka huo aliagiza askari wasifyatue risasi baridi (zisizoua) wala wasibanie risasi za kweli. Alifariki 1906. Ndugu yake Aleksandr, waziri mkuu mwishoni mwa 1916, alitokea wizara ya uchukuzi na hakudumu hata miezi miwili.

Halafu kuna tarehe. Urusi ilitumia kalenda ya Julius hadi Februari 1918: ili kupata tarehe ya kalenda yetu ya leo, kwa karne ya 19 ongeza siku 12, na kuanzia Machi 1900 ongeza 13. Risasi ya Zasulich ya 24 Januari 1878 ni 5 Februari kwetu. Kosa la kawaida ni kuongeza siku kwenye tarehe ambayo mwandishi ameshaibadilisha. Ukiwa na shaka, tumia siku ya wiki: Jumapili ya Damu, siku askari walipowapiga risasi waandamanaji St. Petersburg, imeandikwa 9 Januari 1905, lakini kwa kalenda yetu tarehe hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumapili yenyewe ni tarehe 22.