Kitufe cha kamera kikigoma: ni mchanga, soda au mpira?

Kabla ya kushika spiriti au bisibisi, sikiliza namna kitufe kinavyogoma. Kikikwaruza, kuna mchanga. Kikizama kisha kikachelewa kurudi, hiyo ni sukari: soda, juisi, keki ya sendofu. Kikiwa kizito sawasawa bila kukwaruza, grisi ya ndani imekauka au mpira umevimba na kubana. Na kama gurudumu la modi, lile la kuchagua namna ya kupiga picha, halizunguki kabisa, tazama kwanza katikati yake. Kamera nyingi zina kitufe kidogo cha kufuli ambacho lazima ukibonyeze ndipo lizunguke. Usicheke, kamera zisizo na ubovu wowote huletwa kwa fundi kwa sababu hiyo.

Mwanza adui mkubwa ni mchanga. Umemeguka kutoka kwenye haya majabali ya itale, una chembe za kwatzi, madini ambayo ni magumu kuliko plastiki na alumini ya kamera. Anayepiga picha za dagaa wakianikwa ufukweni, alasiri upepo wa ziwa ukivuma, anarudi na chembe hizo kwenye kila mwanya. Toa betri na memori kadi, acha lenzi mahali pake, kisha geuza kamera ili kitufe kitazame chini. Puliza kwa pampu ndogo ya mpira, mipulizo mifupi, huku ukipitisha brashi laini. Usizungushe chochote kabla ya kupuliza. Kompresa ya gereji usiikaribie: inausukuma mchanga ndani zaidi, na hewa yake huja na maji na mafuta. Kupuliza kwa mdomo ni kutia mate.

Hapo usiweke tone la kitu chochote. Kimiminika kinaugeuza mchanga kuwa tope, nalo linateremka hadi kwenye mhimili wa gurudumu. Mafuta ya kulainisha bawaba ndiyo mabaya kupita yote. Yanatambaa, yanakusanya vumbi, na yakifika kwenye lenzi yananasa mapanga ya tundu la mwanga, vile vipande vyembamba vinavyolipanua na kulibana.

Soda inatibiwa tofauti, na hapa wengi wanakosea kwa kudhani spiriti kali zaidi ndiyo bora. Sukari huyeyuka kwenye maji. Kwenye alkoholi ya asilimia 99 karibu haiyeyuki. Tumia ya asilimia 70, isiyo na rangi wala mafuta, kwa sababu maji yaliyomo ndiyo yanayofanya kazi na alkoholi inaharakisha kukauka. Chovya pamba ya masikio, ikamue mpaka isidondoshe, izungushe ukingoni mwa kitufe, kisha bonyeza mara 20 au 30. Futa, chukua pamba mpya, rudia. Epuka skrini na maandishi yaliyopakwa rangi. Acha kamera ikauke saa 24, mlango wa betri ukiwa wazi.

Alkoholi ya asilimia 99 ina kazi yake: gurudumu linalozunguka vizuri lakini namba zinaruka, unatoa tundu la mwanga kwenye f/5.6 kwenda f/8 halafu inarudi yenyewe. Mara nyingi ni uchafu kwenye viunganishi vya ndani. Ila jaribu kwanza bila dawa: betri ikiwa nje, zungusha mara 50 kila upande. Mara nyingine hiyo pekee inatosha.

Mpira wa pete ya zumu, ile ya kuvuta picha karibu, ukinata au kulegea, chunguza mikono yako. Dawa ya mbu ya kupaka yenye DEET inalainisha plastiki na mpira. Ukijipaka jioni pale ufukweni, nawa kwa sabuni kabla ya kushika kamera. Mpira ukishavimba haurudi, unabadilishwa.

Kitufe kikibaki kigumu baada ya haya, usifungue bodi ya kamera yenye flashi. Kapasita yake, kifaa kinachohifadhi umeme wa flashi, hushika umeme wa takriban volti 300 hata betri ikiwa mezani.