Msimu usio na doa: maana yake katika futiboli ya vyuo vya Marekani

Ukipekua kumbukumbu za futiboli ya vyuo vya Marekani, utakuta pembeni ya jina la chuo namba kama 9–0 au 8–1–1. Aliyezoea mpira wa miguu wa kwetu anaweza kudhani kuna mtu kachapwa tisa bila. Sivyo. Hapo umefupishwa msimu mzima: namba ya kwanza ni mechi walizoshinda, ya pili walizofungwa, ya tatu, kama ipo, ni sare. 9–0 ni timu iliyoshuka uwanjani mara tisa na kutoka na ushindi mara zote tisa. Huo ndio msimu usio na doa.

Kwa masikio yetu timu hiyo ni bingwa, mjadala umefungwa. Katika futiboli ya vyuo ya miaka ya 1950 mjadala ndio kwanza ulikuwa unaanza, kwa sababu msimu wa kule haukuwa msimu wa ligi.

Ulianza Septemba na kumalizika mwishoni mwa Novemba au siku chache baadaye. Timu ilicheza mechi tisa au kumi hivi, kwa kawaida moja kwa wiki, na siku yenyewe hasa Jumamosi. Ni mchezo wa kugongana vifua na kuangushana. Mwili unahitaji wiki nzima kupona. Vyuo vikubwa vyenye timu vilizidi mia moja, basi piga hesabu mwenyewe: hakuna namna ambayo wote wangekutana. Vyuo vya ukanda mmoja viliunda makundi yao na kutafuta bingwa wa kundi. Vingine vilibaki huru, vikijipangia ratiba kwa makubaliano: mje kwetu mwaka huu, sisi tuje kwenu mwakani, mapato ya mlangoni tugawane hivi. Ratiba ilitegemea undugu, umbali na pesa kuliko uwezo wa timu.

Pasipo msimamo wa ligi, bingwa anapatikanaje? Kwa kura. Tangu 1936 shirika la habari la Associated Press liliwapigisha kura waandishi wa michezo kila wiki, na orodha ya mwisho ndiyo iliyomtaja bingwa wa nchi. Jambo la kuchekesha ni kwamba kura ya mwisho ilipigwa kabla ya mechi kubwa za mwaka mpya. Mwaka 1951 Tennessee walitawazwa hivyo, kisha Januari 1, 1952 wakafungwa na Maryland 28–13 kweupe. Ubingwa wakabaki nao.

Mechi hizo za mwaka mpya huitwa "bakuli". Jina limetokana na umbo la uwanja. Pasadena, karibu na Los Angeles, kuna uwanja wa umbo la bakuli, uliojengwa mwaka 1922, wakauita Bakuli la Waridi, na mechi inayochezwa humo kila mwaka mpya ikachukua jina hilo. Miji mingine iliona wageni wanavyojaza hoteli katikati ya msimu wa baridi, nayo ikaanzisha mabakuli yake: la Machungwa kule Miami na la Sukari kule New Orleans, yote mawili mwaka 1935, kisha la Pamba kule Dallas mwaka 1937.

Bakuli halikuwa fainali. Lilikuwa karamu, na karamuni huendi mpaka ualikwe. Mwenye mji alikuwa na kamati yake, ikakaa, ikachagua timu mbili. Bakuli la Waridi lilikuwa limeshafunga mkataba na makundi mawili, la pwani ya Pasifiki na la majimbo ya kati ya kaskazini, hivyo chuo huru hakikuwa na nafasi hapo. Mabakuli makubwa yaliyobaki yalikuwa Kusini, na Kusini ya 1951 bado iliishi kwa sheria za kuwatenga Weusi na Wazungu: shule mbali, mabasi mbali, hoteli mbali.

Sasa tuwatazame Dons wa University of San Francisco, chuo kidogo cha Kikatoliki cha Wajesuiti. Kocha wao alikuwa Joe Kuharich. Mwaka 1951 walifungua msimu kwa kuwachapa San Jose State 39–2. Hiyo 2 huwashangaza wengi, maana tachidauni, yaani kuufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho la wapinzani, ina alama 6 na mpira unaopigwa katikati ya milingoti una 3. Alama 2 hupatikana mwenye mpira anapoangushwa ndani ya eneo la mwisho la upande wake mwenyewe, yaani wapinzani hawakufunga kitu, ila waliwabana Dons nyumbani kwao mara moja. Mechi ya mwisho, dhidi ya Loyola, iliisha 20–2. Kati ya hizo mbili ilipita mvua ya alama: Idaho 28–7, Santa Clara 26–7, College of the Pacific 47–14.

Iliyowatoa jasho ilikuwa safari ya New York kucheza na Fordham. Walishinda 32–26, na mara mbili Ollie Matson alipokea mpira wa kuanzia na kuukimbiza karibu uwanja mzima mpaka tachidauni. Mtu mmoja, mbio mbili, alama 12, katika mechi iliyoamuliwa kwa tofauti ya 6. Msimu huo Matson alikimbia na mpira yadi 1,566, akiongoza nchi nzima. Pamoja naye walikuwepo Burl Toler, aliyesifika kwa ulinzi, na majabali wawili, Gino Marchetti na Bob St. Clair.

Matson na Toler walikuwa Weusi.

Rekodi ikasomeka 9–0. Waandishi waliwaweka nafasi ya 14. Mabakuli ya Kusini yalinyamaza. Kwa simulizi za wachezaji wenyewe, walidokezewa kwamba Bakuli la Machungwa lingewezekana iwapo Matson na Toler wangeachwa nyumbani. Timu ikakataa. Haikuwa na haja ya mkutano mrefu.

Sababu iliyotangazwa ilikuwa kwamba ratiba yao ilikuwa nyepesi, na hapa ndipo ninapoona ujanja wa mfumo wenyewe. Madai hayo hayakuwa uongo mtupu. Dons walicheza na San Jose State mara mbili na walikutana na timu mbili za kambi za jeshi. Lakini chuo huru hucheza na anayekubali kucheza nacho, na katika mfumo wa kura na mialiko sababu ya aina hiyo haikosekani kamwe. Kwenye ligi, ubaguzi ungelazimika kuiba pointi mbele ya watu. Kwenye karamu, unatosha kutoandika barua ya mwaliko. Kwenye bakuli la Miami walialikwa Georgia Tech na Baylor, vyote vyuo vya Kusini, Tech wakashinda 17–14. Mcheza kwao hutuzwa, ndivyo tusemavyo.

Kwa hiyo wakati ule "kutofungwa" lilikuwa jambo la uwanjani, na "kuwa bingwa" au "kwenda bakuli" lilikuwa jambo la mezani. Wamarekani wana maneno matatu kwa Dons wale, yanayoanza kwa mlio mmoja kwa lugha yao. Kwetu ni kama kusema hawakufungwa, hawakutoka sare, hawakualikwa.

Pesa za bakuli zingesaidia, kwani timu ilikuwa ikiendeshwa kwa hasara. Baada ya msimu ule chuo kiliivunja, hivyo ukitafuta rekodi ya Dons ya 1952 hukuti kitu. Wachezaji walitawanyika. Matson alikwenda Helsinki kwenye Olimpiki za 1952 akarudi na medali mbili za riadha, kisha akaingia futiboli ya kulipwa. Yeye, Marchetti na St. Clair wote wamo katika jumba la heshima la mchezo huo. Kijana aliyekuwa akiandikia magazeti habari za timu, Pete Rozelle, alikuja kuwa kamishna wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya kulipwa, kuanzia 1960. Toler aliumia goti mwaka 1952 kabla hajacheza hata mechi moja ya kulipwa, akageukia ualimu. Mwaka 1965 alirudi uwanjani na filimbi na fulana ya milia, mwamuzi wa kwanza Mweusi katika NFL.